Mwaka Tuliomrudisha Mzee Jivan Ziwani

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Magige, na mimi nililia kuliko wajane wake wote watatu, mpaka yule mdogo akanivuta pembeni kuniuliza kama kuna jambo ambalo angepaswa kulijua. Nilicheka huku kamasi zinanitoka. Hakuna jambo, mama. Ni kwamba Mzee Magige alikuwa mtu wa mwisho duniani ambaye ningeweza kumwambia, "Unakumbuka chai ya Jivan?" naye akafumba macho, akameza mate, akasema, "Nyamaza, usinitese." Sasa hayupo. Nimebaki na ile chai peke yangu, na mashine ya kusaga, na mtungi wa udongo uliofungwa kitambaa chekundu, na naona niyaandike kabla sijaanza kuongeza chumvi. Nitaongeza kidogo tu. Wanaonijua hawatashangaa.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa na ng'ombe wangapi, maana kila Mkurya akianza hapo mnamaliza kesho kutwa. Inatosha kwamba naitwa Ghati, na mwaka huo nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nilikuwa nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga ya Mhindi mmoja, Mzee Jivan, pale Nyamwaga, Tarime, na kazi yangu ilikuwa kuinua debe la mahindi na kulimimina kwenye mdomo wa ile mashine tangu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Nilikuwa mweupe kwa unga kuanzia kope hadi kucha. Watoto wageni walikuwa wakiniona wanakimbia. Mashine ilikuwa na kelele kiasi kwamba ng'ombe wa ng'ambo ya kilima walikuwa hawazai, ndivyo Mzee Magige alivyokuwa akidai, ingawa ng'ombe wake mwenyewe walizaa kila mwaka. Saa kumi na moja Mzee Jivan aliizima, na ule ukimya ulikuwa unaingia masikioni kama maji. Ndipo tulipofagia sakafu, tukapanga magunia yawe viti, na mahali palipokuwa pa kusagia pakawa darasa. Mwenye mashine ndiye aliyekuwa mwalimu. Wanafunzi tulikuwa wanane, wote wakubwa, wote tulioachwa na shule au tulioiacha. Mpaka leo nikiandika barua nahisi sentensi zangu zina unga.

Nyuma ya mashine kulikuwa na chumba chake kimoja, na nikitamani kitu chochote cha ujana wangu, si miguu yangu myepesi wala meno yangu yote, ni kile chumba. Kitanda cha kamba. Redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Makopo yaliyopangwa kwenye ubao: dengu, choroko, bizari, iliki, na moja lililoandikwa "misumari" ambamo aliweka sukari ili Mzee Magige asiifikie. Ukutani kulikuwa na picha ya mkewe, Kamla, aliyefariki miaka mingi kabla sijafika, mwanamke mwenye macho yanayokaribia kucheka, na juu ya picha shada la maua ya plastiki ambalo mzee aliliosha kila Jumamosi kwa sabuni. Alipika mwenyewe, amechuchumaa mbele ya jiko la mafuta ya taa. Chapati zake zilikuwa nyembamba hata ungeweza kusoma gazeti lililo upande wa pili. Na ile chai: maziwa mengi, tangawizi iliyopondwa kwa boliti kubwa ya mashine, iliki mbili, na aliichemsha mpaka ikapanda mara tatu. Nimejaribu kuipika miaka yote hii. Hata boliti ninayo. Haiji.

Mzee Jivan alikuwa hali nyama. Naomba msomaji atulie kidogo atafakari: mtu asiyekula nyama, Tarime. Ni kama kuhamia ziwani ukiwa huogi. Lakini rafiki yake mkubwa alikuwa huyo Mzee Magige, mwenye zizi, aliyekuja kila jioni kabla ya darasa na kipande cha nyama choma kimefungwa kwenye jani la mgomba, akakaa mlangoni upande ambao moshi hauingii ndani, wakala pamoja, kila mtu chake.

"Jivan, wewe unakula chakula cha ng'ombe," Mzee Magige alikuwa akimwambia. "Ng'ombe wangu wakikuona wanasema, huyu ndugu yetu kwa nini anatembea kwa miguu miwili?"

"Waambie wasiogope," Mzee Jivan alijibu. "Mimi ndiye mtu pekee Nyamwaga ambaye hajawahi kumla ndugu yao."

Siku moja, nikiwa nafagia upande wa pili wa ukuta wa mabati, nikasikia wamepunguza sauti. Wazee hao wawili wakipunguza sauti ujue kuna jambo, maana kwa kawaida walisikika mpaka kijiji cha Genkuru. Mzee Jivan alikuwa anakohoa tangu masika, kikohozi kikavu ambacho sote tulisema ni unga. Mzee Magige akasema, "Mimi nimeshachagua mahali. Pale kwenye migomba, karibu na mama yangu. Utalala vizuri. Hata mashine yako utaisikia."

"Magige, nimekwambia. Sisi tunachomwa."

"Utachomwaje na wewe ni mtu wa hapa? Miaka thelathini na mbili umekaa hapa. Umetusagia mahindi ya harusi na ya matanga. Halafu nikuchome kama kichaka?"

"Na Kamla je?"

Nikashika ufagio hewani.

"Kamla yuko ziwani Musoma," Mzee Jivan akasema. "Nilimwambia nitamfuata. Nikilala kwenye migomba yako, nani atamweleza?"

Nilisikia Mzee Magige anafunga lile jani lake, kiti kikatoa mlio, akaondoka bila kuaga. Kesho yake akaja na nyama kama kawaida, na hawakuligusa tena jambo hilo. Mimi nikadhani limekwisha. Kumbe Mzee Jivan alikuwa amejua kwamba halijaisha, kwa sababu jioni ya Ijumaa alisimama mbele yetu, akashika chaki, akasema leo tunafanya imla.

Tuliandika imla kila wiki, kwa hiyo hatukushtuka. Alisoma taratibu, akitembea katikati ya magunia. "Mimi Jivan, nikiwa na akili timamu. Nukta. Nikifa, nichomwe moto kwa desturi yetu. Nukta. Majivu yangu yapelekwe Musoma, yatiwe ziwani, mahali alipo mke wangu Kamla. Nukta. Yote, yasibaki hata kidogo. Nukta."

Masanja akainua kichwa. Huyu alikuwa Msukuma mchimba dhahabu, alikuja kwa baiskeli kutoka Nyangoto akiwa na udongo wa shimoni masikioni, na alikuwa mwanafunzi mwenye maswali kuliko wote. "Mwalimu, hii ni imla au ni wosia?"

"Wewe andika. Ukikosea nakata alama."

"Lakini mwalimu, ungeandika mwenyewe karatasi moja ukasaini, si ingetosha?"

Mzee Jivan akavua miwani. "Nikiandika mimi, Magige atasema Mhindi alikuwa na homa. Akiandika Ghati, watasema Ghati ametumwa. Nyinyi wanane hamjawahi kukubaliana hata kuhusu nani afungue dirisha. Mkiwa na neno moja, mtu ataamini." Kisha akazunguka, akakusanya madaftari, akayasahihisha kwa kalamu nyekundu na kutupa alama kama kawaida. Mimi nilipata tisa juu ya kumi. Nilifurahi! Nilitembea nyumbani nikijisifu kwa alama tisa za kifo chake, na hilo halijaacha kuniumiza.

Alifariki mwezi wa saba, katika hospitali moja ya Musoma, baada ya siku kumi na moja. Mimi na Masanja ndio tuliokuwa tunamuuguza kwa zamu, kwa sababu mpwa wake pekee alikuwa mbali ng'ambo na hakuweza kuwahi. Siku ya mwisho alinishika kidole gumba, akaniita "dikri", ambalo kwa lugha yao ni binti, akaniuliza kama mashine imetiwa oili. Nikasema imetiwa. Haikuwa imetiwa. Wazee wa dini yake pale mjini wakatusaidia kwa kila kitu. Aliyesimamia ni Bwana Mansukh, mzee mwembamba, mpole, ambaye aliwasha kuni yeye mwenyewe kwa kuwa mtoto wa kiume hakuwepo. Sitaelezea moto. Nilikaa mbali, nimempa mgongo, Masanja akiniambia, "Dada Ghati, usigeuke bado. Bado. Bado." Siku ya tatu Bwana Mansukh akatukabidhi mtungi wa udongo umefungwa kitambaa chekundu. Ulikuwa mwepesi. Mtu aliyekuwa akibeba jiwe la kusagia peke yake, nikambeba kwa mkono mmoja.

Na hapa ndipo tulipofanya jambo ambalo Bwana Mansukh alilisimulia, naamini, mpaka anaingia kaburini, au tuseme mpaka anaingia motoni kwa heshima. Tulikuwa tumesimama na mtungi, na ziwa lilikuwa pale. Namaanisha pale. Ungetupa kokoto ungesikia linaanguka majini. Akasema, "Haya, twendeni mwaloni, ufukoni pale, mtumbwi uko tayari."

"Shikamoo mzee, hapana," nikamwambia. "Tunaenda naye Nyamwaga kwanza."

"Marahaba. Nyamwaga kufanya nini?"

"Hajafika nyumbani."

"Binti, ziwa lile pale!"

"Ndiyo mzee, tunaliona. Lakini amefia safarini. Sharti aingie kwake, watu wamlilie, aagwe. Kisha tutamrudisha."

Akamtazama Masanja kuona kama kuna mwenye akili kati yetu. Masanja akainua mabega, akasema, "Mzee, hawa ni Wakurya." Mzee Magige alikuwa ametuma neno tangu siku ya kifo, kwamba tusithubutu kumwacha ugenini, na mimi sikuona cha ajabu. Hata leo sioni sana. Basi tukapanda basi la Tarime nikiwa nimempakata. Kondakta akataka mtungi uende juu kwenye mizigo. Akauliza kama ni samli. Nikamwambia, "Ni mzee wetu." Basi zima likanyamaza mpaka daraja la Kirumi, na nilipogeuka nilikuwa na siti tano zangu peke yangu. Nilimwonesha mto dirishani. Nilimwambia kila tulipofika.

Nyamwaga walikuwa wanatusubiri watu kama mia tatu, au sabini, sijui. Kilio kilisikika kabla hatujashuka kwenye pikapu iliyotutoa Tarime mjini. Wanawake walikuwa wamefagia mashine mpaka sakafu ikang'aa. Tukamweka chumbani kwake, juu ya kitanda cha kamba, chini ya picha ya Kamla, na watu wakapita mmoja mmoja. Kila bibi aliyewahi kusagiwa mahindi alikuwa na la kumwambia. Mmoja alimwomba msamaha kwa gunia la mwaka wa njaa. Nilisimama kando nikiona vizuri kwamba tulifanya sawa kumleta. Halafu nikatoka nje kuchota maji, nikawakuta vijana kwenye migomba ya Mzee Magige wamefika kifuani. Walikuwa wanachimba kaburi.

Wazee walikuwa wamekaa uani kwa mashine, kwenye magunia yetu ya darasani. Mwanamke haingii kikao kile, achilia mbali msichana. Nilisimama pembeni, kisha nikasema, "Shikamooni wazee. Mzee Jivan hakutaka kuzikwa."

"Ghati, hapa si jikoni," mmoja akasema.

Mzee Magige hakuinua macho. "Mwanangu, unajua maana ya kumwaga? Tunamwaga maji ya kunawia. Tunamwaga ukoko. Mtu hamwagwi. Mtu anawekwa mahali, na mahali hapo panapaliliwa, na mtoto akiuliza unamwonesha. Nikimtia ziwani, nikitaka kumwambia kitu nitaenda wapi? Nisimame nimwambie samaki?"

Hilo ndilo lililokuwa linaniuma mimi mwenyewe. Nilitaka kaburi kuliko yeye. Nilitaka mahali pa kukaa na kuongea upuuzi. Lakini niliingia darasani, nikachukua madaftari manane yaliyokuwa kwenye rafu, nikawaita wenzangu. Tukasimama mstari kama watoto wa shule. Masanja akaanza. "Mimi Jivan, nikiwa na akili timamu..." Akamaliza, akafuata mwingine. Maneno yaleyale. Tulisoma kwa sauti mbalimbali, wengine kwa kugugumia, mama mmoja mtu mzima akifuata mstari kwa kidole, na kila mmoja akimalizia kwa "yasibaki hata kidogo". Nilikuwa wa saba. Nilipomaliza, Mzee Magige akainua mkono.

"Inatosha. Amenigombeza mara saba. Ya nane nitalia."

Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya dawa ya ng'ombe, "Sasa lile shimo?" Na kweli, kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi wazi, lina njaa, litamwita mwingine. Wazee wakanong'ona. Mwishowe wakakata shina la mgomba, urefu wa mtu, wakalivika shuka la Mzee Jivan na koti lake la kazini, wakalilaza mle ndani kwa taratibu zote, wakafukia. Wanawake waliomboleza shina lile kama ni mtu, na mimi nikiwamo, na sikuona aibu. Mzee Magige akaweka mawe juu. Alipomaliza akajipangusa mikono, akasema, "Kesho naenda nanyi. Niliahidi kumlaza kwa mikono yangu. Kama ni majini, basi ni majini."

Mzee Magige alikuwa hajawahi kupanda mtumbwi. Asubuhi ile pale Musoma alivaa koti la harusi na viatu vya ngozi, na mwenye mtumbwi, Mjaluo mmoja mcheshi, akamwambia, "Mzee, kaa katikati, hiki si kigoda." Mzee wangu akashika mbao kwa mikono yote miwili, akafumba macho, akawa anawataja babu zake mmoja baada ya mwingine. Bwana Mansukh alikuwa mbele na maua ya njano kwenye sahani. Masanja alibaki nchi kavu, akisema yeye ni mtu wa mashimo. Tulipofika mbele ya mawe makubwa, Bwana Mansukh akainua mkono, injini ikazimwa. "Hapa ndipo tulipomleta mkewe," akasema. Akasali, akaweka maua juu ya maji, yakakaa hapohapo yakizunguka. Kisha akaniambia nifungue kitambaa, niinamishe mtungi karibu kabisa na maji, taratibu.

Niliufungua. Niliuinamisha. Na mikono yangu ikagoma. Mimi niliyesimama mbele ya wazee, mimi wa alama tisa, nilikaa pale nimeukumbatia ule mtungi kifuani na sikuweza. Nilikuwa nafikiria kijiko kimoja tu. Kijiko kimoja nikifiche kwenye leso, nikipeleke kule kwenye migomba, kifunikwe na mawe. Nani angejua? Bwana Mansukh alisubiri. Mwenye mtumbwi akaangalia pembeni. Nikasikia mtumbwi unayumba, na Mzee Magige, huyo aliyeogopa kuachia ubao, alikuwa ameachia. Alikuja kwa magoti na koti lake la harusi likiloa, akaweka mikono yake juu ya yangu. Ilikuwa inanuka ng'ombe na sabuni.

"Mwachie, mwanangu," akasema. "Anasubiriwa."

Tukauinamisha pamoja. Yaliingia majini polepole, ya kijivu, yakatanda kama unga unavyotanda, kisha yakawa hayapo. Mzee Magige akasuuza mtungi kwa maji ya ziwa, mara mbili, mara tatu, akiukung'uta kitako, ili yasibaki hata kidogo. Halafu akamwambia rafiki yake maneno kadhaa kwa Kikurya, akimtukana kidogo, kama walivyozoea, na akarudi katikati akashika mbao zake.

Tangu siku hiyo mpaka alipokufa hakula samaki. Wakimpikia sangara alisukuma sahani, akasema hawezi kula majirani wa Jivan. Mashine ilinunuliwa na mtu mwingine, akahamishia Tarime mjini. Mimi nilimaliza kidato cha nne kwa kusoma jioni, nikafungua duka la madaftari na kalamu, nikanenepa, nikazaa, nikacheka sana, Mungu ni shahidi. Masanja alifuata dhahabu upande wa Geita na namba yake haipatikani. Kwenye migomba ya Mzee Magige mawe bado yapo, na wajukuu wanapalilia bila kujua wanampalilia nani. Nimewahi kukaa pale nikijaribu kuongea. Haikuwezekana, najua kilichomo.

Kwa hiyo nikienda Musoma kununua bidhaa nashuka kwanza mwaloni. Watu wanaanika dagaa, wanaosha pikipiki, wananiuliza kama nataka mtumbwi. Nawaambia sitaki. Nasimama mahali maji yanapogusa viatu, na sijui nitazame wapi, maana lile ziwa ni kubwa, limefika Uganda, na miaka yote hii maji hayakai mahali pamoja. Mzee Magige alikuwa sahihi kuhusu hilo, na nilikuwa na hamu ya kumwambia hivyo, sikuwahi. Basi nasema shikamoo kwa sauti, mara moja, kwa ziwa lote. Kisha nabaki nimesimama kidogo, kama mtu anavyofanya akingoja kuitikiwa.